Kulipwa Uposti Si Kuuza Haki ya Kutangaza: Jibu kwa Msomaji wa Jambiani

Swali: "Ninatengeneza maudhui ya mitandaoni na naishi Jambiani. Mwezi wa Machi hoteli moja ya ukanda wetu ilinipa malazi ya siku mbili na shilingi 400,000. Makubaliano yalikuwa ya WhatsApp, na ujumbe wao ulisema: utaposti video moja TikTok na Instagram, na stori tatu. Ndani ya video, niliyoipiga na kuihariri mwenyewe kwa simu, niliwarekodi wanawake wawili wanaolima mwani, na nyuma niliweka wimbo wa taarab. Sasa binamu yangu aliyeko Ujerumani ameniletea ushahidi kwamba video yangu inaendeshwa kama tangazo la kulipia, imekatwakatwa, na sauti yangu imegeuzwa kuwa ya Kijerumani. Juzi meneja wa masoko ameniomba msimbo wa TikTok wa siku 365, akisema walishanilipa na hakuna malipo mengine. Kaka yangu anafanya kazi jikoni kwao na sitaki ugomvi. Je, wana haki? Nimpe msimbo? Na mara nyengine nidai nini?"

Mwanangu, nianze na swali lako la katikati kwa sababu ndilo lenye haraka: msimbo, yaani namba inayomruhusu mtangazaji kuiendesha video yako kama tangazo kwa jina la akaunti yako, usiutoe kwanza. Meneja anauzungumzia kana kwamba ni risiti ya kazi uliyokwisha kuifanya, ilhali ni ruhusa mpya kabisa, yenye thamani yake na hatari zake, na ukimkabidhi leo utakuwa umekubali masharti ambayo hakuna aliyeyaandika. Kulipwa ili uposti ni makubaliano ya aina moja, na kumruhusu mwenye biashara aitumie kazi yako katika matangazo anayoyalipia yeye ni makubaliano ya aina nyengine, hata kama video ni ile ile na waliokubaliana ni wale wale.

Kwetu Pemba tofauti hii inafahamika vyema kwa sababu watu wameiishi katika karafuu. Mwenye shamba anapoikodisha mikarafuu yake, miti huhesabiwa, msimu hutajwa na bei hukatwa; aliyekodi huchuma za msimu ule, lakini mti haupati, na msimu mwengine akiitaka tena hurudi kuzungumza. Leseni ya maudhui, yaani ruhusa ya kuitumia kazi yako kwa masharti, ni ukodishaji wa namna hiyo hiyo. Wewe mwezi wa Machi uliwauzia pishi moja ya karafuu, nao wameingia shambani na kuanza kuchuma.

Tuje kwenye haki yenyewe. Umeniambia video uliipiga na kuihariri mwenyewe kwa simu yako, kwa hiyo wewe ndiye mtunzi wake. Hakimiliki si jambo la Muungano: hapa kwetu inaongozwa na Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar Namba 14 ya 2003 na kusimamiwa na COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar, na Bara inaongozwa na Sheria Namba 7 ya 1999 chini ya COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya huko. Haki hiyo huzaliwa pale kazi inapotengenezwa, wala haingojei usajili, ingawa kuiandikisha kazi COSOZA hukupa ushahidi mzuri wa tarehe na wa jina lako. Na kwa kuwa Tanzania imo katika Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, video iliyotengenezwa Jambiani inalindwa pia Ujerumani, chini ya sheria za huko. Kuiposti hakukuifanya kuwa mali ya kila mtu. Masharti ya Instagram na TikTok yanaipa mitandao yenyewe ruhusa pana ya kuionesha na kuisambaza, lakini umiliki yanakuachia wewe, na hoteli haiipati ruhusa hiyo kwa kuwa tu imeiona video na kuipakua.

Yapo mabishano ya zamani, katika nchi nyingi, kuhusu nani mwenye kazi iliyoagizwa na kulipiwa na mtu mwengine. Ushauri wangu kwa kila kijana anayenijia ni kwamba mabishano hayo asiyaachie mahakama: sentensi moja katika mkataba, inayosema kuwa hakimiliki inabaki kwa mtengenezaji na mwengine anapewa ruhusa ya matumizi tu, inamaliza jambo hilo. Wewe sentensi hiyo hukuwa nayo, lakini una ujumbe wa WhatsApp, nao haukosi uzito. Ujumbe unataja kuposti kwenye akaunti zako, video moja na stori tatu. Kwa maoni yangu, ruhusa unayoweza kusomwa kuwa uliitoa ni ya hilo lililotajwa, na labda ya hoteli kuirudisha posti yako kwenye ukurasa wao bila ya malipo, kama ilivyo desturi. Kuikata, kuitia sauti ya lugha nyengine na kuinunulia nafasi mbele ya watu wa Ujerumani hakumo, wala hakuwezi kuingizwa kwa kusema "tulishakulipa". Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba, kwa nilichokiona, hawakuwa na haki.

Kabla hujawaandikia neno lolote, kusanya ushahidi, na hapa sheria za Ulaya zinakusaidia kuliko unavyodhani. Meta, kampuni yenye Facebook na Instagram, ina maktaba ya matangazo ya wazi kwa kila mtu, isiyohitaji malipo, ambamo unaandika jina la ukurasa wa hoteli na kuyaona matangazo yake. Tangu Agosti 2023, kwa ajili ya sheria ya Umoja wa Ulaya inayohusu huduma za kidijitali, matangazo yaliyooneshwa katika nchi za Umoja huo huhifadhiwa humo kwa mwaka mzima baada ya kuoneshwa mara ya mwisho, pamoja na tarehe yalipoanza, aina ya watu waliolengwa na idadi ya akaunti zilizofikiwa. TikTok nayo ina hazina kama hiyo kwa Ulaya. Tafuta tangazo lenye sura yako, piga picha za skrini zenye tarehe, nakili kiungo chake, na hifadhi pia mazungumzo yote ya WhatsApp nje ya simu yako. Ukimaliza utajua jambo ambalo pengine hata meneja hajakaa kulihesabu: video yako imewatumikia kwa miezi mingapi na imefika kwa watu wangapi.

Kisha andika. Kwa kuwa kaka yako anakula chumvi ya nyumba ile, na kwa kuwa Jambiani mtakutana msikitini, dukani na harusini, barua ya kwanza iwe ya kurekebisha jambo na wala isiwe ya vitisho. Unaweza kuandika hivi: "Nashukuru kwa kazi tuliyofanya pamoja mwezi wa Machi. Nimeona kwamba video yangu inatumika katika matangazo ya kulipia nchini Ujerumani, ikiwa imehaririwa na kutiwa sauti nyengine. Makubaliano yetu yalihusu kuposti katika akaunti zangu pekee. Naomba matangazo hayo yasimamishwe mpaka tukubaliane kwa maandishi juu ya leseni, ikiwemo malipo ya kipindi kilichokwisha kupita. Niko tayari kukutana nanyi wiki hii." Mpelekee mwenye mamlaka ya kutia saini, kwa barua pepe, na nakala kwa meneja. Mara nyingi mambo haya huishia hapo, kwa sababu aliyeyafanya ni kampuni ya matangazo iliyoko mbali ambayo haikuuliza, na mwenye hoteli akishajua hupendelea kulipa kuliko kuandikwa vibaya. Wakikaa kimya, Meta na TikTok zina fomu za malalamiko ya hakimiliki ambazo mwenye kazi huzijaza mwenyewe, nazo zinaweza kuliondoa tangazo. Baada ya hapo kuna COSOZA na wakili. Ngazi hizo zipandwe moja moja.

Sasa nieleze msimbo wenyewe, maana wengi huutoa bila ya kujua unafungua mlango gani. Mtangazaji ana njia mbili za kuitumia video yako. Ya kwanza ni hii iliyokukuta: anachukua faili na kuliendesha kwa akaunti yake mwenyewe. Hapo mtandao hauna kizuizi chochote kinachomtaka akuombe, na kinga yako ni mkataba peke yake. Ya pili ni kuliendesha tangazo kwa jina na picha ya akaunti yako, ili mtazamaji aone kwamba ni wewe unayezungumza, na hiyo haiwezekani mpaka uidhinishe. Kwa TikTok unawasha ruhusa ya matangazo katika video husika, unachagua muda wa siku 7, 30, 60 au 365, kisha unapewa msimbo wa kumpa mtangazaji. Kwa Instagram unamkubali kama mshirika, na hapo kuna ruhusa ya posti moja na kuna ruhusa pana inayomwezesha kutengeneza matangazo mengine yenye jina lako, baadhi yake yasionekane hata kwenye ukurasa wako. Hii pana usimpe mtu kwa kazi ya video moja.

Njia ya pili ina faida zake, nami sikukatazi. Tangazo likienda kwa jina lako, wafuasi wapya na pongezi zinakuja kwako, na hoteli inalipia safari hiyo. Lakini na matusi nayo yanakuja kwako, pamoja na maswali ya wageni waliokatishwa tamaa na chumba walichokikuta. Mtu wa Munich asiyekujua atakushika wewe, si meneja. Jina lako ndilo duka lako, na anayetaka kuuzia bidhaa zake ndani ya duka hilo kwa mwaka mzima analipia pango.

Kuhusu siku 365, tazama kalenda ya utalii wa kwetu. Wageni ni wengi Julai na Agosti, kisha tena Disemba mpaka Februari, na masika ya Aprili na Mei hoteli nyingi hupunguza kazi au hufunga. Mwenye ruhusa ya mwaka mzima amezipata nyakati zote mbili za mavuno kwa bei ya mara moja. Mpe msimu, akitaka mwengine arudi.

Bei niitaje waziwazi, kwa sababu vijana wetu huogopa kuitaja na hapo ndipo wanapopoteza. Igawe katika mafungu matatu yasiyochanganywa: kutengeneza video, kuiposti kwenye akaunti yako, na leseni ya matangazo. Kwa wateja wangu, fungu la tatu hulianzisha kwenye asilimia 30 ya gharama ya kutengeneza kwa kila mwezi wa matumizi. Hilo ni pahala pangu pa kuanzia mazungumzo, penye nafasi ya kushuka kidogo bila ya kuumia, na wewe una uhuru wa kupanga lako. Kama kutengeneza ni shilingi 400,000, leseni ni 120,000 kwa mwezi, na miezi mitatu ni 360,000. Ipande kama wanataka nchi nyingi, kama wanataka jina la akaunti yako, na ipande zaidi kama wanakutaka usifanye kazi na hoteli nyengine kuanzia Paje mpaka Makunduchi, kwani hapo wanakukatia riziki na ni lazima waifidie. Malazi ya bure yahesabiwe mbali, kwa sababu usiku wa hoteli haulipi ada ya skuli. Kwa miezi iliyokwisha kupita tumia hesabu hiyo hiyo, ukiongeza kitu kwa ajili ya sauti iliyobadilishwa. Kodi ya mapato ni ya Muungano na inashughulikiwa na TRA hata huku visiwani, kwa hiyo mkataba useme kama bei iliyotajwa ni kabla au baada ya kodi ya zuio, ile anayoikata mlipaji kabla ya kukulipa.

Hili la sauti limenikera, nakiri. Mtu amekusikiliza ukisema maneno yako, akayatoa kinywani mwako na kutia mengine katika lugha usiyoijua, na wageni wanaamini ndiwe uliyesema. Leo kazi hiyo hufanywa na akili mnemba kwa dakika chache, kwa hiyo kila mkataba utakaotia saini kuanzia sasa uiseme. Kifungu cha leseni kinaweza kuwa kifupi namna hii: "Mtengenezaji anairuhusu Hoteli kuitumia video iliyotajwa katika matangazo ya kulipia kwenye Instagram, Facebook na TikTok pekee, kwa watazamaji wa Ujerumani na Austria, kuanzia tarehe 1 Julai hadi tarehe 30 Septemba. Hoteli inaweza kuifupisha, lakini haitabadilisha maneno, sauti wala sura ya mtu yeyote aliyemo, kwa njia yoyote ikiwemo akili mnemba, bila ya ridhaa ya maandishi. Ruhusa hii si ya pekee, haihamishiki kwa mtu mwengine, na hakimiliki inabaki kwa Mtengenezaji. Matangazo yote yatasimamishwa siku ya mwisho." Kijerumani wakikihitaji, waandike tafsiri, uisomewe na mtu unayemwamini, na uikubali kabla haijatumika.

Kama hoteli inalenga pia Wafaransa, unaweza kuwa na hoja ya ziada ya kudai maandishi. Ufaransa ina sheria ya tarehe 9 Juni 2023 inayohusu washawishi wa mitandaoni, nayo inataka mkataba wa aina hii, thamani yake ikifikia kiwango kilichowekwa, uandikwe na utaje malipo pamoja na haki za miliki bunifu, na inataka mtazamaji aambiwe wazi kuwa anaona tangazo. Ujerumani nako desturi ni kuandika "Werbung" au "Anzeige" juu ya posti. Malazi ya bure ni malipo pia, kwa hiyo posti yako ya mwezi wa Machi, kama haikuwa na alama hiyo, irekebishe leo.

Nimewaacha wanawake wa mwani kwa sababu nilitaka kuwazungumzia kwa utulivu. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani yenu ya mashariki 1989, na tangu hapo picha ya mwanamke aliyeinama kwenye maji ya kupwa, kanga imelowa mpaka kiunoni, imezunguka dunia nzima mara nyingi bila ya yeye kuulizwa. Wewe unaweza kuikodisha video yako; sura zao huwezi kuzikodisha kwa niaba yao. Kukubali kupigwa picha na mtoto wa kijijini wanayemjua si kukubali kuwa tangazo la hoteli katika simu za watu wa Hamburg, na Katiba ya Zanzibar ya 1984 inailinda faragha ya kila mtu. Rudi kwao maji yakipwa, au nyumbani jioni, uwaoneshe tangazo lenyewe lilivyo na uwaeleze nani analipia na kwa nini. Wakikubali, andika karatasi fupi ya Kiswahili yenye jina, matumizi, muda na kiasi watakacholipwa, waisomewe kwa sauti, watie saini au dole gumba mbele ya shahidi. Fedha yao itajwe katika bei yako kwa hoteli, na iwafikie mikononi mwao. Asiyetaka aondolewe kwenye video, wala asishawishiwe mara ya pili. Na siku nyengine akitokea mtoto, ridhaa ni ya mzazi, na mimi nisingemtia mtoto katika tangazo hata kwa ridhaa hiyo.

Wimbo nao una wenyewe. Nyimbo unazozikuta ndani ya mitandao zimeruhusiwa kwa matumizi ya mtu binafsi. Matangazo ya biashara hayamo, na ndiyo maana TikTok ina maktaba yake tofauti ya muziki wa kibiashara na Meta ina mkusanyo wake wa sauti. Taarab ina haki zaidi ya moja ndani yake: kuna aliyetunga mashairi na muziki, kuna waimbaji na wapigaji, na kuna mwenye rekodi. Ukale wa wimbo hautoshi. Siti binti Saad alifariki 1950, lakini kikundi kilichourekodi upya wimbo wake mwaka juzi kina haki zake juu ya rekodi hiyo. Kwa hiyo kabla ya leseni yoyote, toa wimbo huo na uweke sauti ya mawimbi uliyoirekodi mwenyewe, au uombe ruhusa kwa wenyewe kupitia COSOZA. Tahadhari sana na kifungu ambacho mawakili wa hoteli hupenda kukiweka, kinachosema kuwa mtengenezaji anathibitisha kumiliki kila kilichomo na atalipa hasara yoyote itakayotokea. Ukikitia saini huku taarab ya watu inalia nyuma, kesi ya wimbo itakuwa yako. Thibitisha ulichokipiga wewe tu, na dhima yako isizidi kiasi ulicholipwa.

Wakikubali haya yote, saini zitangulie, fedha ifuate, na msimbo uje mwisho. Chagua siku 30, si 365, hata kama leseni ni ya miezi mitatu. Andika tarehe ya mwisho kwenye simu yako. Malipo ya mwezi wa pili yakiingia unaongeza siku nyengine 30, na yasipoingia ruhusa inajifunga yenyewe bila ya wewe kugombana na mtu, wala kaka yako kuulizwa jikoni.